Kupanga Wakati wa Kupanda Liki Penye Jalidi

Mkulima wa mahali penye baridi kali anapaswa kuzijua tarehe mbili kabla hajafungua pakiti ya mbegu za liki, mboga ya jamii ya kitunguu: ile ya jalidi (baridi inayogandisha umande) ya mwisho katika majira ya kuchipua, na ile ya jalidi ya kwanza katika majira ya kupukutika. Zote mbili ni wastani wa miaka mingi, wala si ahadi, kwa hiyo jalidi yaweza kuanguka hata baada ya siku iliyotajwa.

Mbegu husiwa ndani ya nyumba wiki 8 hadi 12 kabla ya jalidi ya mwisho, kwa sababu liki hukua polepole mno. Ikiwa jalidi ya mwisho hutarajiwa tarehe 20 Mei, wiki 10 nyuma yake ni tarehe 11 Machi. Katika joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, miche huchomoza baada ya wiki moja hadi mbili, ikiwa myembamba kama uzi na imejikunja kichwani.

Miche huwa tayari kuhamishwa inapofikia unene wa penseli, au karibu na hapo. Kwanza izoeshwe hali ya nje kwa siku 7 hadi 10, saa chache tu siku ya kwanza. Mche uliozoeshwa hustahimili jalidi nyepesi, ndiyo maana wengine huipandikiza wiki moja kabla ya tarehe ile. Mimi huona ni heri kukawia kidogo, kwani hatari kubwa zaidi si jalidi ya usiku mmoja bali ni baridi ya wiki kadhaa chini ya nyuzi 10, ambayo huifanya miche iliyokwisha kunenepa itoe shina la maua kabla ya wakati, na shina hilo huwa gumu, halifai kuliwa.

Toboa mashimo yenye kina cha sentimita 15 kwa mti butu, tumbukiza mche mmojammoja hadi ncha za majani tu zionekane, kisha mimina maji bila kufukia. Udongo utajishukia wenyewe.

Tarehe ya pili ndiyo inayochagua aina ya mbegu. Kwa anayepandikiza wiki moja kabla ya jalidi ya mwisho, kutoka 13 Mei hadi jalidi ya kwanza, tuseme ya 25 Septemba, ni siku 135, lakini ukuaji hupungua siku zinapofupika, kwa hiyo chagua aina inayokomaa kwa siku 100 hadi 110 tangu kupandikizwa. Hata hivyo, jalidi ya kwanza haiui liki iliyokomaa. Aina za majira ya baridi, ambazo kwa kawaida zina mashina mafupi manene na majani ya rangi ya kijani-buluu, huweza kubaki shambani chini ya matandazo mazito ya majani makavu. Kinachokomesha mavuno ni udongo kuganda: mizizi hushikwa, na anayevuta kwa nguvu hubaki na majani mkononi.