Namna ya Kulinganisha Kasi ya Mwitikio ya Wanaume na Wanawake

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaume, kwa wastani, huitikia kichocheo rahisi, kama taa inayowaka, mapema kidogo kuliko wanawake, lakini tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyopo kati ya mtu na mtu wa jinsia moja. Anayetaka kuipima, basi, ahakikishe kwanza kwamba kipimo chake chenyewe hakileti tofauti kubwa kuliko hiyo.

Anza na rula ya sentimita 30, ambayo kwa maoni yangu huaminika kuliko programu nyingi za simu. Mpimaji aishike wima kwa juu, na mpimwa aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiliwe bila ishara, baada ya kusubiri kwa muda unaobadilika kila mara, kwani aliyekwisha kuzoea muda wa kusubiri huanza kubahatisha. Umbali wa pale ilipodakwa, ukiwa katika mita, uzidishe kwa 2, ugawanye kwa 9.81, kisha utafute kipeuo cha pili: sentimita 15 ni takriban sekunde 0.175, na sentimita 20 ni sekunde 0.20. Majaribio ya mwanzo yaache; yaliyobaki yapange kwa ukubwa uchukue la katikati, maana kuzubaa mara moja tu huupandisha wastani.

Kazi ngumu zaidi ni kupima uchakataji wa akili. Mwaka 1868 Mholanzi Franciscus Donders alieleza njia ambayo bado inafaa: pima mwitikio kwa taa moja na kitufe kimoja, kisha kwa taa mbili zenye vitufe viwili, utoe muda wa kwanza katika wa pili, na baki ndiyo makadirio ya muda wa kutambua na kuchagua. Hapa makosa nayo lazima yahesabiwe, kwa sababu anayeharakisha hukosea zaidi, na kundi linaloonekana zito huenda limechagua tu kuwa makini.

Makundi yafanane kwa umri na kwa mazoea ya michezo, nao wote watumie kifaa kimoja. Kabla ya kukokotoa wastani wowote, chora matokeo ya kila mtu kwenye mstari mmoja, wanaume kwa nukta na wanawake kwa misalaba, uone jinsi alama zinavyoingiliana.