Mstari wa CD38 ndio utakaokukesha: jinsi ya kutenga seli shina za damu ya binadamu

Niko nyumbani Lamu likizo. Mtoto wa ami yangu anasoma masta huko nje, juzi akanitumia mafaili ya mashine inayosoma rangi za seli na kuzitenga, tukakaa kwenye simu mpaka adhana ya alfajiri kwa sababu ya mstari mmoja tu, ule unaochorwa kwenye skrini kugawa seli zenye CD38 na zisizo nayo (CD na namba yake ni jina la alama iliyo juu ya seli). Naandika ili mwingine anayetafuta seli shina, yaani zile zinazozaa aina zote za damu, asikeshe.

Hatua ya 1. Damu ya kitovu, mama awe ametoa idhini, ifanyie kazi mapema. Zungusha na Ficoll, kimiminika kinachotenganisha seli kwa uzito, chukua tabaka jeupe. Hii mnaijua.

Hatua ya 2. Sumaku, ya kunasa seli zenye CD34. Hizo ni kama 1 kwa kila 100 hapo, sasa ukipeleka zote kwa mashine utashinda siku nzima. Kuna wanaoruka sumaku kuokoa pesa, mimi sikubali kabisa.

Hatua ya 3. Kingamwili zenye rangi, kila moja inashika alama yake. Unataka CD34 na CD90 na CD49f ziwepo, CD38 na CD45RA zisiwepo, na rangi ya kuonyesha seli zilizokufa. CD90 ni hafifu kwa hivyo ipe rangi kali, mimi naipa rangi ya PE. Lakini kama una PE-Cy7, yaani PE iliyounganishwa na rangi nyingine, kwenye tyubu hiyo hiyo, funika na foili, manake mwanga ukiivunja inang'aa kama PE na utaona CD90 ambayo haipo. Na usichukue utaratibu wa panya, seli shina zao za kudumu hazina CD34 ya maana.

Hatua ya 4. Kuchora mistari. Hapa twende polepole. CD34 inajitenga yenyewe, CD38 haijitengi, inashuka kidogo kidogo kama maji yakipwa pale Shela, huwezi kuweka kidole useme bahari imeishia hapa. Mimi mara ya kwanza nilichora kwa kufuata kingamwili ya aizotaipu, yaani ya kulinganishia tu isiyolenga alama yoyote, mstari ukakaa juu, nikawadunga panya seli hizo, wiki ya 4 damu ya binadamu ikaonekana nikafurahi sana, wiki ya 16 haipo. Nilikuwa nimebeba seli za kati, zile zinazotengeneza damu kwa muda mfupi halafu zinaisha. Miezi minne imeenda, na panya wale wameenda, bado inaniuma.

Sasa nafanya hivi: natengeneza tyubu ya FMO, yaani rangi zote isipokuwa ya CD38, naanzia hapo, nachukua zile za chini kabisa. Halafu narudi nyuma: nachagua zenye CD90 zisizo na CD45RA, naangalia zimeangukia wapi kwenye CD38. Kama zimejaa chini na mstari wako uko juu yake mbali, shusha. Usinakili mstari wa jana, kila damu na siku yake. Na kama seli zimekaa kwenye chakula cha maabara siku kadhaa, CD38 usiiamini tena maana inashuka hata kwa seli zisizo shina, tegemea CD90 na alama nyingine, CD201.

Hatua ya 5. Tenga taratibu, usiongeze kasi.

Hatua ya 6. Alama peke yake si ushahidi. Kundi la mtafiti John Dick kule Toronto mwaka 2011 walionyesha seli moja tu yenye CD49f inaweza kurudisha aina zote za damu ndani ya panya, na waliipima kwa kuipandikiza. Tumia panya wa NSG, wasio na kinga ya kukataa seli za binadamu, ngoja wiki 16 au zaidi, tafuta CD19 (alama ya seli B) na CD33 (alama ya seli za mailoidi, ukoo mwingine wa damu) zote mbili ndani ya uboho, kisha hamishia uboho huo kwa panya wengine.

Mtoto wa ami ameshachora upya. Seli zimebaki chache, akaogopa, nimemwambia azipeleke kwa panya hivyo hivyo.