Unahamia Mbeya? Kabla hujalipa kodi ya miezi sita soma hapa kwanza

Nimehama Dar kuja Mbeya huu mwaka wa nne sasa, na kila mwezi lazima nipigiwe simu na mtu, "kaka nataka kuja huko, maisha vipi?" Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu hela ya vocha yenyewe sina, kwa hiyo naandika yote hapa halafu atakayeuliza namtumia.

Kitu cha kwanza ambacho hakuna aliyeniambia mimi: Mbeya ni jiji refu, sio pana. Yaani chukua barabara kuu ya Zambia, ilaze chini kama mkeka, halafu watu wote wakae pembeni yake, kuanzia Uyole unapoingilia ukitoka Dar, unapita Sae, Ilomba, Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, unaenda mpaka Nzovwe, Iyunga, Iwambi hadi Mbalizi ambako kiutawala hata sio jiji tena. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano na karibu wote wanaitegemea barabara hiyohiyo moja, wakiwa pamoja na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanayotoka bandarini. Lori moja likizima mlimani basi jiji zima limesimama. Kwa hiyo swali la kwanza sio nyumba shilingi ngapi, swali ni kazi yako au biashara yako iko upande gani wa hiyo barabara. Ukifanya kazi Iyunga ukapanga Uyole kwa sababu dalali kakwambia ni bei chee, utakuja kunikumbuka.

Mitaa kwa haraka haraka. Uhindini na mjini kwenyewe, chini ya mlima Loleza, ndio mji wa zamani, ule ulioanza miaka ya 1920 watu walipokuwa wanakimbilia dhahabu ya Lupa huko Chunya. Kuna mabenki, maofisi, mahakama, lakini saa mbili usiku pamelala. Mtu wa Dar akifika anadhani hapo ndio katikati ya jiji, anapanga karibu, anakaa mwezi mzima anajiuliza watu wako wapi. Watu wako Mwanjelwa. Soko liliungua 2006 likajengwa upya, wafanyabiashara wengi walihamia soko la Sido, na sasa hivi ukisema unaenda kununua kitu unaenda Mwanjelwa, Sido au Kabwe, mjini unaenda kama una shida na ofisi. Forest ndio kwa wenye nafasi, kumetulia na bei yake imetulia huko juu. Soweto na Mafiati kelele lakini kila kitu mlangoni. Ilomba, Sae na Isyesye kuna nyumba mpya nyingi, ndiko wanakojenga wafanyakazi. Uyole ni viazi, upepo na baridi, ila kama mishe zako ni za Tukuyu na Kyela basi kaa hukohuko maana ndio njia panda. Iyunga na Ikuti kuna chuo cha MUST, kwa hiyo vyumba vinagombaniwa na wanafunzi, usije kutafuta mwezi wa kumi, njoo wa nane au wa tisa kabla hawajafungua.

Sasa nyumba. Hapa ndipo nilipopigwa mimi mwenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilikuja mwezi wa nane. Kavu, vumbi, jua zuri, dalali akanipandisha juu huko mtaa fulani, nyumba nzuri, tailsi, choo ndani, unaiona Mbeya yote chini kama uko kwenye ndege. Bajaji ilifika mpaka getini. Nikalipa miezi sita, nikampa na dalali kodi ya mwezi mmoja yake, nikajiona mjanja kwa sababu kwa hela ile Dar ningepata chumba kimoja tu cha kushea choo. Mwezi wa kumi na moja mvua ikaanza, na mvua ya huku haina habari ya kunyesha nusu saa ikaondoka kama ya pwani, inakuja mpaka mwezi wa nne huko. Ile njia ikageuka tope la kuvuta kiatu. Bajaji wakawa wananishusha barabarani, "bosi juu hatupandi." Kila asubuhi natembea dakika ishirini na gambuti, viatu vya kazi nimevishika kwenye mfuko, nikifika chini kuna mama ana genge la nyanya, nabadilisha pale, gambuti anazisukuma chini ya meza yake mpaka jioni. Alinifanyia hivyo miezi mitano bila kudai hata mia. Siku nimehama nilimpelekea sukari kilo tano akacheka, akaniambia mwanangu nyie wa Dar mnakodi mandhari.

Kwa hiyo: kama unaweza, itafute nyumba wakati wa mvua. Kama unakuja kiangazi, muulize mtu wa bodaboda, sio dalali, "masika unafika pale?" Boda hana sababu ya kukudanganya. Halafu ukiingia ndani inua kichwa uangalie juu. Nyumba haina dari, bati tupu, achana nayo hata iwe bure, nitakuja kwenye baridi utaelewa. Uliza maji yanatoka siku zipi na kama kuna simtanki. Uliza LUKU (mita ya umeme) ni yako peke yako au mnashea, maana mkishea na mwenye friza ya kuuza samaki mtagombana kila wiki. Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ni deni la mwenye nyumba lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba hela hiyo atakurudishia au mtapunguza kwenye kodi ya pango, na muandike. Wenye nyumba wengi ni wazee wastaarabu, ukiongea nao vizuri wanakubali hata miezi mitatu mitatu. Anayesema miezi sita lazima mara nyingi ni dalali, sio mzee.

Bora zaidi usipange kabisa mwezi wa kwanza. Chukua chumba cha gesti kwa bei ya mwezi, au jibanze kwa ndugu, zunguka, panda bajaji za kichwa kichwa (huku bajaji inabeba abiria kama daladala, unalipa siti yako tu, usije ukaingia ukasema "nipeleke" utalipa ya kukodi), ndio uamue.

Vitu vyako kutoka Dar usikodi gari zima. Hii siri nilipewa na dereva mmoja pale Mbezi: kila siku kuna mafuso yanashusha Dar mchele, ndizi na viazi vya huku halafu yanarudi matupu, au na mzigo kidogo. Nenda Mabibo kwenye ndizi au Tandale kwenye nafaka, uliza gari ya kurudi Mbeya, mtaelewana kwa bei ambayo kampuni ya kuhamisha vitu ikikusikia italia. Godoro na kabati zije hivyo. Ila ongozana na mzigo, au awepo mtu wako wa kuupokea, na kila kitu kihesabiwe mbele ya dereva na tingo wake. Mimi pasi na deki ya muziki sijui viliishia Makambako au wapi. Mwenyewe panda basi la alfajiri, ni kama kilomita 830, unaingia jioni au usiku kutegemea mlima wa Kitonga ulivyoamka siku hiyo, na mwambie konda mapema unashukia wapi, sio unapitishwa mpaka stendi halafu unarudi na bodaboda usiku na mabegi matatu. Ndege ipo, uwanja wa Songwe ulifunguliwa 2012, lakini uko mbali na mjini na asubuhi za ukungu usipange kikao cha saa nne.

Baridi. Asikwambie mtu "utazoea". Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu hazina cha kupasha joto, kwa hiyo baridi ya nje na ya ndani ni ileile, tofauti ndani hakuna upepo. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa. Unaamka unaona mvuke unatoka mdomoni ukiwa kitandani. Usinunue makoti Dar, kule hawajui koti, wanajua jaketi la kuendea harusini. Njoo na sweta moja la safarini, kesho yake wahi Sido au Mwanjelwa asubuhi belo zinapofunguliwa, utapata koti zito la mtumba na blanketi la uhakika. Nunua na chupa ya chai kubwa, hii sio anasa, ni kifaa cha kazi.

Maji ya kuoga wengi wanachemsha kwa jiko au kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Ukitumia hiyo, chomoa kwenye umeme KWANZA ndio uguse maji, usijifanye una haraka. Na hili naliandika kwa herufi kubwa nikiweza: USILALE NA JIKO LA MKAA CHUMBANI. Unaliona limeshakuwa kaa tupu, halina moshi, chumba kimepata joto tamu, umefunga madirisha, unalala, huamki. Ile hewa yake haina harufu wala haikoholeshi. Huku baridi ikianza habari za familia kukutwa zimekufa hivyo tunazisikia, kwa hiyo jiko linaotwa nje au jikoni kisha linabaki hukohuko.

Chakula ndio raha yenyewe sasa. Viazi vya Uyole, parachichi na ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela, maharage ya kila rangi. Siku za mwanzo nilikuwa nanunua nusu kilo nusu kilo kama nilivyozoea Dar, muuzaji ananiangalia kama naumwa. Huku unanunua sado, debe, gunia. Mchele ujifunze kuuliza, maana kila mchele sokoni ni "wa Kyela", hata ule uliotoka Usangu, Mbarali. Sio kwamba wa Mbarali ni mbaya, ila usilipe bei ya Kyela. Chukua punje kiganjani, pikicha, nunusa, wa Kyela unanukia kabla haujapikwa. Hii nilifundishwa na mama yuleyule wa genge.

Kuhusu watu. Wengi wanadhani Mbeya yote ni Wanyakyusa, ukiwaambia Wasafwa hivyo watakukata jicho, jiji limejengwa kwenye ardhi ya Wasafwa, Wanyakyusa kwao ni Rungwe, Busokelo na Kyela. Ukisikia "ugonile" ni salamu ya Kinyakyusa, na "ndaga" ni asante, hayo mawili yatakupunguzia bei sokoni kuliko kubishana. Mkubwa mwamkie shikamoo na usimame kidogo, ile ya Dar ya kutupa "shkamoo" huku unatembea huku wanaiona dharau. Wiki ya kwanza nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe, barua za mkopo na za utambulisho zinapita kwao, na siku ukiibiwa ndio wa kwanza kufika.

Halafu msiba. Msiba wa huku ni siku kadhaa, watu wanalala, sufuria zinachemka, mtaa mzima upo. Wewe mgeni nenda, hata kama marehemu hukumjua, kaa kwenye benchi, toa rambirambi yako, beba kuni au jembe wakikwambia. Mimi nilikaa miezi saba majirani wananiita "yule wa nyumba ya geti jeusi". Nilipochimba kaburi la baba wa jirani, kesho yake kila mtu analijua jina langu, na biashara yangu ya vifaa vya simu ikaanza kupata wateja wa mtaani ambao walikuwa wananipita.

Biashara sasa kwa kifupi, maana hii inataka maelezo yake: usije na wazo kwamba watu wa mkoani hawajui bei. Mteja wa Mwanjelwa ana mtu Kariakoo na mwingine mpakani Tunduma, anakutajia bei ya jumla kabla hujafungua mdomo. Njoo na mtaji wa kukaa miezi mitatu bila faida. Mwezi wa sita mpaka wa nane, wakulima wakishavuna na kuuza, hela inatembea, ukifungua duka mwezi wa pili watu wote hela wamezifukia shambani utalia.

Na ukishazoea, ukawa unaenda Dar kusalimia, kata tiketi kimyakimya. Mimi mara ya kwanza nilitangaza kwenye grupu la familia nikaondoka na magunia mawili ya viazi, mchele debe tatu, parachichi ndoo nzima na mkungu wa ndizi wa shangazi wa Tandika, nauli ya mzigo ikazidi nauli yangu, na shangazi alipofungua akauliza mbona hujaleta maharage.