Majitaka ya wodi ya iodini: kuyasubirisha hadi yaachiwe

Nawaandikia wenzangu wanaoandaa au kuendesha kitengo cha tiba ya nyuklia Dodoma na mikoa ya jirani. Mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo akishanywa iodini 131, dawa yenye mionzi, sehemu kubwa ya dawa humtoka kwa mkojo ndani ya siku mbili za mwanzo. Mji wetu unategemea sana visima vya Makutupora, na hatuna bahari wala mto mkubwa wa kupokea majitaka. Tangi la kuyashikilia majitaka hayo hadi mionzi ipungue ndilo ulinzi wenyewe.

Hatua ya 1: Tenganisha majitaka kwa nusu-maisha

Yaani muda ambao mionzi hupungua kwa nusu. Teknesiamu 99m, ya kupigia picha, ni saa 6: maji ya kusuuzia vichupa vyake ukiyafungia kwenye dumu lenye kinga Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi zimepita nusu-maisha kumi. Iodini 131 ni siku 8. Lutesiamu 177, inayotibu saratani nyingine, inakaribia siku 7, lakini iwe na tangi lake. Baadhi ya dawa zake huja na masalia ya lutesiamu 177m, ambayo nusu-maisha yake ni siku 160 hivi. Muulize anayekuuzia kabla hujaagiza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya matangi

Chukua mfano huu. Wagonjwa wawili kwa wiki, kila mmoja analala siku mbili na kutumia lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 400 kwa wiki. Tangi la lita 5,000 litajaa baada ya siku 87 hivi. Ukiwa na matangi mawili, moja linajazwa huku lingine limefungwa siku hizo 87, na iodini inayobaki ni chini ya sehemu 1 kati ya 1,800. Mpango huo unatosha kuanzia, ilimradi lita zisizidi.

Hatua ya 3: Linda lita

Hapa ndipo vitengo vingi huharibikiwa. Choo kinachovuja lita 200 kwa siku kitajaza tangi lile lile kwa siku 20 hivi, na tangi la pili litalazimika kuachiwa likiwa bado na zaidi ya sehemu moja kati ya sita ya iodini yake. Kila wiki weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi dogo la choo, usiflashi kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi, mpira umechoka. Mwite fundi bomba siku hiyo hiyo.

Tuna pia mgao wa maji. Maji yakikatika, mgonjwa hufungua bomba, haoni kitu, anaenda kulala bila kulifunga. Yakirudi usiku wa manane, yanamwagika hadi asubuhi, yote yakiingia tangini. Wodi hii iwekewe mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe. Ningekubali kukosa vigae vizuri kuliko kukosa mabomba haya.

Hatua ya 4: Zungumza na wahudumu wa usafi

Mama anayesafisha choo hicho lazima aelezwe sababu, asipewe amri tupu. Jiki na asidi ya chooni hugeuza iodini kuwa mvuke, na mvuke huo atauvuta yeye kwanza. Atumie sabuni ya kawaida.

Hatua ya 5: Funga koki, andika tarehe

Siku za kusubiri huanza tone la mwisho linapoingia. Tarehe ya mgonjwa wa kwanza haihusiki. Andika kwenye daftari na kwenye kibao tangini, kisha weka kufuli. Ufunguo ukae kwa afisa usalama wa mionzi.

Hatua ya 6: Pima ndipo uachie

Kusubiri nusu-maisha kumi ni makadirio tu, hakukupi ruhusa ya kuachia. Koroga tangi kwa pampu, chukua sampuli, ipime, ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibali chako cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ikizidi, subiri siku 8 nyingine upime tena. Ikiwa chini, achia polepole, ukiandika tarehe, lita na kipimo, na saini za watu wawili. Tope linalobaki chini lipimwe peke yake kabla fundi hajaingia kulisafisha.