Somo: Kufuga kopepodi wa kulisha samaki wa maji chumvi

Mandarini wangu wa kwanza, samaki mdogo wa rangi wa maji chumvi, alikufa njaa huku chakula kimejaa mbele yake. Nilimtupia vidonge, nikamtupia chengachenga, akavipita kama mchanga. Tumbo likabonyea, mgongo ukachongoka. Samaki huyu hudonoa vijidudu hai mawe kwa mawe mchana kutwa, na tangi langu lilikuwa jipya, halina hata kimoja. Kwa hiyo anza kufuga kwanza, samaki atafuata.

Kopepodi ni jamaa wa kamba na kaa, ila wengi hawazidi milimita moja au mbili. Anayeanza namshauri achukue Tigriopus californicus. Kwao ni vidimbwi vya miambani katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, ambako jua huyachemsha maji na mvua huyapunguza chumvi, hivyo amezoea shida.

Hatua ya 1: chombo. Mtungi au ndoo ya lita 4 hadi 10, isiyowahi kuguswa na sabuni. Changanya maji mapya ya chumvi, haidrometa, yaani kipimo cha chumvi ya maji, isome 1.023 hadi 1.025. Usichote ya tangini, utabeba na maadui.

Hatua ya 2: hewa. Mpira mtupu wa pampu, bila jiwe la hewa, utoe povu kubwa moja moja. Mapovu madogo huwanasa watoto na kuwapandisha juu.

Hatua ya 3: chakula. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Wape mwani hai mdogo sana wa majini, kama Tetraselmis au Nannochloropsis, mpaka maji yawe kijani hafifu. Weka kidole nyuma ya mtungi: usipokiona, umezidisha. Kisha subiri maji yaangaze ndipo uongeze. Mimi niliwahi kusafiri siku nne, kwa huruma nikamimina kikombe kizima. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni.

Hatua ya 4: subira ya wiki mbili tatu. Usiku zima taa, mulika tochi ubavuni mwa mtungi. Utaona nukta zikirukaruka kwa mishtuko, na majike wenye mfuko wa mayai chini ya mkia. Mtoto hupita hatua sita za uchanga na tano za ujana kabla ya kukomaa, kwa hiyo usivune mapema.

Hatua ya 5: kuvuna. Chota robo tu, pitisha kwenye chujio lenye matundu ya maikroni 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Wakubwa hubaki, wachanga wengi hupita. Hao wachanga wape mtungi wa pili. Suuza mavuno kwa maji safi ya chumvi, uwamwage karibu na mawe baada ya taa kuzimwa, pampu na skima (chombo cha kutoa uchafu kwa povu) zikiwa zimepumzika saa moja. Mtungi ujazie maji mapya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini nisiangue artemia, wale vijikamba wa chumvi, tu? Ni kazi ya siku moja.

Angua, lakini walishe samaki saa zile zile. Artemia huanguliwa na akiba ya kiini mwilini, ikiisha, samaki anakula ganda. Tena hawatulii mawe­ni wakazaana kama kopepodi.

Maji yangu yamekuwa meupe na yananuka. Nimwage yote?

Subiri kwanza. Chakula kimeoza na amonia, sumu ya uozo, imepanda. Mulika tochi, wakiwepo wanaoruka, wafyonze kwa bomba la sindano, uwahamishie maji mapya yenye chumvi ile ile, na usiwape chakula siku mbili. Ndiyo maana nafuga mitungi miwili, haifi yote kwa pamoja.

Nikishamwaga tangini, si nimemaliza? Watazaana wenyewe.

Inategemea nani anawasubiri. Mandarini mmoja anaweza kumaliza tangi dogo, na ukiwa na samaki wengine wadonoaji ndiyo kabisa. Tenga chumba kidogo chenye mwani na vipande vya mawe, maji yapite lakini samaki wasifike. Huko watazaana, na wengine watavuka wenyewe.

Dada, kioo changu asubuhi kina vidoadoa vyeupe. Ni ugonjwa?

Sogeza jicho karibu. Vikitembea kwa kustukastuka, usivifute, hicho ndicho chakula chenyewe.