Kujitambua na Kuzimudu Hisia Ukubwani

Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutusaidia kujizuia tusitende kabla ya kufikiri, huendelea kukomaa hadi takriban umri wa miaka 25, ila umri peke yake haumpi mtu utu uzima. Anza kwa kuitambua hisia mwilini kabla haijafika ulimini: lango la feri ya Likoni likifungwa ukiwa hatua chache tu nyuma yake, taya zikakaza na moyo ukaenda mbio, jiulize kama ulicho nacho ni hasira, aibu au hofu ya kuchelewa kazini, kwani mara nyingi tunachokiita hasira huwa ni hofu. Vuta pumzi taratibu, kisha uitoe kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, ili mapigo ya moyo yapungue kasi.

Jioni, andika kwa ufupi kilichotokea, ulichohisi na ulichotenda. Baada ya majuma machache, muulize mtu asiyekuogopa, pengine dada yako mkubwa, ni wakati gani huwa vigumu kuishi nawe, nawe usijitetee hadi amalize (hapa ndipo wengi hushindwa). Ukimkosea mtu, mwombe radhi kwa kulitaja kosa lenyewe. “Kama nimekukosea, nisamehe” si radhi.