Somo: Mifupa ya mguu wa nyuma wa mbwa, kuanzia kisigino hadi kucha

Wadau, mara nyingi naletewa mbwa anayechechemea, mwenyewe akinionyesha ile ncha iliyochongoka nyuma ya mguu: "Dokta, goti limevimba." Hilo si goti, ni kisigino. Mbwa hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa juu. Goti liko karibu na tumbo, na hutazama mbele kama lako.

Mlaze ubavu, umpapase taratibu.

Hatua ya 1. Shika ncha ya kisigino. Kano nene ya nyuma ya mguu imejishikiza hapo. Mfupa huu ni wenzo: misuli ikivuta, kifundo kinanyooka, mbwa anaruka.

Hatua ya 2. Mbele yake kuna mfupa uitwao talasi, unaobeba muundi (mfupa wa ugoko). Una matuta mawili yanayokaa kwenye mifereji ya muundi, ndiyo maana kifundo hukunjika na kukunjuka tu.

Hatua ya 3. Chini yake kuna vifupa vitano, hivyo kifundo kizima kina mifupa 7. Kwa mkono huwezi kuvitenganisha. Ila ukumbuke ule wa kati: mbwa wa mbio aina ya Greyhound huuvunja zaidi kwenye mguu wa kulia, kwa kuwa uwanjani huzunguka kushoto.

Hatua ya 4. Teremka kwenye mifupa minne mirefu ya wayo, kisha vidole vinne, kila kimoja pingili 3. Pingili ya mwisho imeingia ndani ya kucha, kwa hiyo kucha iking'oka mbwa anaumia kweli.

MASWALI

Swali: Wangu ana kidole cha tano kinaning'inia. Ni ugonjwa?

Jibu: Hapana, ni kidole gumba. Mbwa wengi hawana kidole hicho kwenye miguu ya nyuma. Wachache huzaliwa nacho, mara nyingi kimeshikwa na ngozi tu. Kata kucha yake, maana haisuguliwi na ardhi na inaweza kujikunja ikachoma nyama.

Swali: Dokta, wangu tangu jana anakanyaga hadi kisigino, vidole kavikunja.

Jibu: Ana jeraha juu ya kisigino?

Swali: Ndiyo, dogo tu. Aliruka ukuta wenye vipande vya chupa.

Jibu: Udogo wa jeraha usikudanganye ndugu yangu, huenda kano imekatika. Mfungie asikimbie, usimpe dawa za maumivu za binadamu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii.